Safari ya Ujiji na homa niliyoidharau (Sehemu ya 6)

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, chai iko mezani, na kabla sijalala nataka nilipe deni. Wiki iliyopita niliwaahidi kwamba sehemu ya sita haitakuwa ya chanjo wala ya kunyonyesha. Leo nawapeleka matembezi. Ila mnanijua, matembezi ya nesi hayakosi kipimo.

Desemba, watoto wamefunga shule, nikachukua likizo ya siku saba. Kazi yangu iko Kibondo, kwetu ni Kasulu. Kigoma mjini nimeenda mara nyingi, kwa semina au kusindikiza mgonjwa wa rufaa, lakini Ujiji sijawahi kufika kama mtu aliyekwenda kutembea. Aibu kidogo, maana kuna watu wanatoka Ulaya kuja kuona ule mwembe, na mimi Muha wa Kasulu nausikia tu kwenye kitabu cha shule.

Huko Uingereza wana vijiji ambavyo watu wanakwenda kwa sababu ya vitabu tu. Nilisoma habari za kimoja kinaitwa Haworth, kiko Yorkshire. Waliishi hapo ndugu watatu wa kike, akina Brontë, wakaandika riwaya zinazosomwa mpaka leo. Nyumba yao ni makumbusho, na wageni wanafunga viatu wanapanda vilima walivyokuwa wakivipanda wao. Kizuri sana. Lakini ripoti ya afya ya mwaka 1850 ilionyesha kwamba pale Haworth zaidi ya watoto 4 kati ya kila 10 walikuwa wanakufa kabla ya kufikisha miaka 6. Maji machafu, vyoo vichache. Kijiji kizuri cha kwenye picha, na makaburi yamejaa watoto. Nesi akishasoma kitu kama hicho, haoni tena vilima peke yake.

Basi nikajiambia, na sisi tunacho chetu. Twende Ujiji.

Tulikuwa watu wanne. Mimi, binti yangu wa darasa la tano, Baraka wa darasa la kwanza, na mama yangu mzazi tuliyemchukua Kasulu. Kasulu asubuhi ilikuwa baridi, watoto na masweta. Ukishuka kuelekea Kigoma unavua kimoja kimoja, mpaka ukifika ziwani unatafuta kivuli. Tukalala kwa dada yangu. Kesho yake tukapanda daladala ya Ujiji.

Ujiji ni pa zamani kuliko Kigoma mjini. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ikahamia huko, Ujiji ikabaki na miembe yake, misikiti yake na mitaa yake ya mchanga. Zamani hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Watu walikuwa wanatembea kwa miguu miezi na miezi.

Burton na Speke walifika hapa Februari 1858. Vitabu vinasifu kwamba walikuwa Wazungu wa kwanza kuandika habari za Ziwa Tanganyika, lakini hali waliyofika nayo, jamani! Burton miguu haifanyi kazi, anabebwa. Speke macho yanaumwa kiasi kwamba ziwa lenyewe halioni vizuri. Mimi hao ningewapa kitanda kabla sijawauliza majina.

Halafu kuna Livingstone, daktari. Huyu ndiye wa mwembe. Januari 1867, akiwa huko ambako leo ni Zambia, sanduku lake la dawa lilipotea, mpagazi alitoroka nalo. Aliandika kwenye shajara yake kwamba alijisikia kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Hebu fikiria: daktari anayejua kabisa dawa gani inatibu homa, na dawa hana. Akaendelea kutembea miaka na homa, vidonda vya miguu, kuharisha damu. Oktoba 1871 akarudi Ujiji mifupa mitupu, akakuta hata mali aliyotumiwa imeshauzwa na mtu aliyepewa aitunze.

Ndipo Stanley akamkuta. Yeye aliandika kwamba ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kizima cha safari hiyo. Kwenye kitabu hicho na sisi tumo. Alipita Buha, wazee wetu wakamtoza hongo ya vitambaa, huyu anachukua, na yule wa mbele anachukua, mpaka akaamua kupita porini usiku kimya kimya. Mama yangu alipolisikia hilo alicheka mpaka akashika mti. "Kumbe ushuru haukuanza leo!"

Pale makumbusho utaona sanamu mbili zimesimama zinasalimiana kwa kofia, na nje mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika. Mwembe wenyewe wa siku ile ulishakufa. Iliyopo leo ni uzao wake, hivyo tulivyoelezwa na mzee aliyetuongoza. Ziwa nalo limesogea, unatembea kwanza ndipo ulifikie.

Na hapo kwenye kutembea ndipo nilipokosea.

Nilitaka twende kwa miguu mpaka ziwani. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: watoto waonje kidogo ile njia ya misafara. Baraka akaanza. "Mama, miguu inauma." Nikamwambia tembea, baba. Baada ya hatua chache, "Mama, nibebe." Mtoto wa darasa la kwanza! Nikampa hotuba. Nikamwambia habari za Chuma na Susi, kwamba Livingstone alipofariki mwaka 1873, wao na wenzao walikausha mwili wake wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, miezi, na wewe umeshindwa mtaa mmoja? Binti yangu akamcheka. Baraka akanyamaza, akatembea.

Mama zangu, mtoto anayelalamika halafu akanyamaza, mwangalieni.

Mama yangu ndiye aliyesimama. Akamshika shingoni kwa mgongo wa mkono, akamtazama machoni. "Mama Baraka, huyu mtoto ana moto."

Nikamjibu, "Ni jua, mama. Amekimbia sana asubuhi."

"Hajakimbia. Tangu asubuhi amekaa. Chai yenyewe hakunywa."

Kweli hakunywa. Nilikiona kile kikombe mezani, nikakipita kutafuta kofia yangu. Mimi, ambaye kila siku namuuliza mama wa mgonjwa swali la kwanza: mtoto anakula? Anakunywa?

Nikamgusa. Alikuwa anawaka. Nikambeba mgongoni kwa kanga ya mama, mtoto mkubwa hivyo miguu inaning'inia, tukarudi barabarani. Kipima joto kilibaki Kibondo. Kwenye mkoba nilikuwa na karanga, chaja ya simu na miwani ya jua.

Nilikuwa natembea huku nawaza njia ile. Mzee wetu alikuwa ametuambia kwamba waliopita hapo hawakuwa wapagazi wa kulipwa tu. Walipita watu waliofungwa, watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa, na wanawake wenye watoto. Mtoto akipata homa, mama yake hakuwa na ruhusa ya kusimama. Na mimi nilikumbuka mwaka 2015, Warundi walipoanza kuingia kwa wingi kwetu, akina mama wanafika na watoto mgongoni, wametembea hivyo hivyo na homa kwa sababu nyuma hapakaliki. Hao hawakuwa na chaguo. Mimi nilikuwa nalo, na nilimtembeza mwanangu ili apate somo la historia.

Tulifika kituo cha afya cha jirani. Sikujitambulisha kama nesi. Niliona aibu, na pia nilitaka kukaa kwenye benchi kama mama yeyote. Akatobolewa kidole, kipimo cha haraka, tukasubiri kama robo saa. Nimesoma vipimo hivyo sijui mara ngapi. Hicho sikuweza kukitazama, nilitazama ukuta. Malaria.

Nesi wa pale, mdada mdogo tu, akatuelekeza dawa mseto kama mimi ninavyoelekeza. Siku tatu, kwa uzito wa mtoto, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, anywe na chakula au maziwa, amalize zote hata akichangamka. Nikaitikia kila sentensi, "Sawa dada." Nilipotoka nikagundua nimeshasahau saa aliyonitajia, ikabidi nirudi kuuliza. Tangu siku hiyo simshangai tena mama anayeniuliza kitu kilekile mara mbili.

Sasa sikilizeni hili, maana dada yangu alishaanza, "Ujiji hii, mbu wa ziwani hawa!" Hapana. Tulikuwa tumefika jana yake tu. Mtu aking'atwa na mbu mwenye malaria haugui kesho. Inachukua siku saba au zaidi, mara nyingi wiki moja mpaka mbili. Baraka alitoka nayo nyumbani. Nyumbani kwa nesi! Nilipiga hesabu nikakifikia chandarua chake, kile kilichotoboka upande wa ukutani. Tundu linapitisha ngumi. Nilikuwa najiambia nitakishona wikiendi. Wikiendi ngapi zimepita, sitasema.

Usiku wa kwanza sikulala. Wa pili homa ilishuka. Siku ya tatu asubuhi akaamka akamwuliza bibi yake kama dagaa wa jana wamebaki. Mama yangu hakusema kitu, alikimbilia jikoni. Ugali wa muhogo, dagaa, mawese. Sisi wote tukakaa tunamwangalia mtoto anavyokula kama tunaangalia harusi.

Kwenye kitabu cha Stanley yupo mwanamke anaitwa Halima, mpishi wa Livingstone. Stanley aliandika jinsi Halima alivyochangamka siku ile, maana mgonjwa wake aliyekuwa hawezi kula vizuri ghafla alianza kula. Watu wanakumbuka kofia na salamu chini ya mwembe. Mimi sasa nikiisikia habari ile namfikiria Halima, anapika kila siku, anarudisha sahani imejaa, kesho anapika tena. Halima ningemwelewa hata bila kujua lugha yake.

Kabla ya kuondoka tulirudi Ujiji, safari hii kwa bajaji. Baraka alikwenda kukaa chini ya mwembe. Akaniuliza, "Mama, Chuma na Susi walikuwa wanabebana wakichoka?" Nikamwambia sijui, lakini wewe ukichoka niambie, nitasimama. Akasema, "Nilikuambia."

Ni kweli. Aliniambia.

Basi mama zangu, nendeni Ujiji. Pelekeni watoto, si mbali, na historia ile ni yao kabla haijawa ya mgeni yeyote. Lakini kabla hujafunga begi:

Kagua vyandarua vya nyumbani wiki mbili kabla, na ulale ndani yake huko uendako pia. Beba kipima joto na kadi ya kliniki. Ukifika mahali, ulizia kituo cha afya kiko wapi kabla hujaulizia makumbusho. Mtoto akipata homa apimwe siku hiyohiyo, usingoje mrudi, na usimpe dawa ya malaria bila kipimo. Na akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, akipumua kwa shida, akilegea hata haamki vizuri, hapo ni hospitali, mbio, iwe mchana au usiku.

Chandarua cha Baraka nimebadilisha. Sikukishona, nimeweka kipya.

Sehemu ya 7 nitarudi kwenye unyonyeshaji kama mlivyoomba. Sasa nilale. Mkiwa na swali andikeni, nikiamka nitajibu.