Mwalimu wa Kikorea

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumerahisishiwa mambo ambayo wenzetu wengi wanahangaika nayo. Nipe jina la nchi, nami nikilipachika kiambishi nimekwisha pata mtu wake na lugha yake. Korea: mtu mmoja ni Mkorea, wakiwa wengi ni Wakorea, lugha yao Kikorea. Mtoto wa darasa la tatu hufanya hivyo bila kufundishwa. Nimewafundisha ngeli walimu wanafunzi kwa miaka mingi, na faida yake kubwa niliiona baada ya kustaafu, siku niliposoma barua moja fupi ya Kiingereza.

Barua hiyo ilipelekwa mwaka 2017 katika shule moja ya sekondari huku kwetu milimani, ambayo mkuu wake alikuwa mwanafunzi wangu chuoni. Kiingereza hutumia neno moja tu, Korean, kwa mtu, kwa lugha, na kwa kila kitokacho huko. Mwandishi wa barua alikusudia kusema kwamba shule itapata mwalimu Mkorea. Ofisini wakasoma kwamba shule itapata mwalimu wa Kikorea. Basi ikatangazwa mstarini asubuhi, na wanafunzi wakashangilia, maana vijana wa siku hizi wamekulia katika tamthilia za huko. Baadhi yao wakanunua na madaftari mapya. Mgeni alipofika, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu kwao na kuja kujitolea kwa miaka miwili, alikuta darasa limejaa mpaka madirishani na ubaoni pameandikwa kwa herufi kubwa: KIKOREA. Yeye alikuwa mwalimu wa hisabati.

Hakukasirika. Alicheka, akawafundisha salamu, kisha akafungua kitabu chake cha aljebra. Baadaye aliniambia kwamba kwao kosa lile lisingetokea, kwa sababu mtu wa Korea ni hangugin na lugha ya Korea ni hangugeo. Nchi ni hanguk. Kile kipande cha mwisho, in, ni mtu, na kile kingine, eo, ni lugha. Wao wanapachika mwishoni, sisi tunapachika mwanzoni, lakini ukweli wa mambo ni mmoja: lugha zetu hizi mbili zinakataa kumchanganya mtu na maneno yake. Kiswahili chenyewe wao wanakiita seuwahilli-eo, yaani wamekivua ki yetu wakakivika eo yao.

Mkuu wa shule akaona heri itengenezwe karatasi ya kubandikwa ukutani, yenye maneno ya nchi, mtu na lugha katika Kiswahili, Kiingereza, Kikorea, Kiarabu, Kifaransa na Kichina. Kiarabu kwa ajili ya vijana waliopitia madrasa, Kifaransa kwa sababu kilikuwa na mwalimu, na Kichina kwa sababu mafundi wa barabara walikuwa wamepiga kambi jirani. Kazi ile tukaachiwa mgeni na mimi, wazee wawili wenye muda.

Kiarabu na Kifaransa havikutuchelewesha. Kifaransa kina neno la mwanamume na neno la mwanamke, na lugha huanza kwa herufi ndogo ili isidhaniwe kuwa mtu. Kichina ndicho kilichotuketisha. Fundi mmoja wa barabara alituandikia hanyu, lugha ya Korea. Mgeni akatikisa kichwa, akasema hanyu ni Kichina. Wote wawili walikuwa sahihi. Hán ya sauti inayopanda ni Korea. Hàn ya sauti inayoshuka ni Wachina wenyewe. Herufi zao za kuandikia ni mbali kabisa, lakini ukiziandika kwa herufi zetu bila alama juu, Mchina na Mkorea wanakuwa ndugu wa tumbo moja. Sisi tusiozoea maana ya neno kubadilika kwa kupanda na kushuka kwa sauti tunaona ni mzaha. Si mzaha hata kidogo kwa mtu ambaye nchi yake ni ndogo na jirani yake ni mkubwa.

Safu ya Kikorea ndiyo niliyoitarajia kuwa nyepesi, kwa kuwa mwenye lugha alikuwa amekaa mbele yangu. Kumbe ilitaka maelezo mengi kuliko zote. Hilo hanguk ni jina la Kusini. Kaskazini nchi inaitwa Choson, na lugha inaitwa choson-mal. Hakuna hata upande mmoja unaojiita Korea nyumbani. Jina tunalolitumia sisi na Wazungu limetokana na Goryeo, ufalme uliotawala kuanzia mwaka 918 hadi 1392, na Goryeo nalo ni ufupisho wa Goguryeo, ufalme wa kale zaidi, ambao masimulizi yao yanasema uliasisiwa na Jumong. Nilipolitaja jina hilo nyumbani, wajukuu wangu waliruka. Wao wanamjua Jumong kwa filamu kuliko wanavyomjua Kinjekitile. Choson lilikuwa jina la ufalme uliofuata, na mwaka 1910 Wajapani wakaimeza nchi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha nchi ikagawanywa, na mwaka 1948 zikatangazwa dola mbili. Kila moja ikachukua jina lake katika kapu la majina ya kale. Kwa hiyo mfasiri anayeandika neno moja kwa nchi, akitumia lugha zao au za majirani zao, amekwisha chagua upande kabla hajaweka nukta.

Wajapani jambo hili limewasumbua hadharani. Wana neno la lugha ya Korea linalofuata jina la Kusini na lingine linalofuata jina la Choson. Shirika lao la utangazaji, NHK, lilipoanza kufundisha lugha hiyo mwaka 1984, lilikwepa majina yote mawili na kuliita somo kwa jina la herufi: hangul. Mtu hasemi herufi, anasema lugha, lakini huo ndio mlango wa uani walioupata. Mgeni wangu alisema hata mlango huo si wa wote, kwa sababu Kaskazini herufi zile zile zinaitwa choson-gul.

Na wapo wengine zaidi. Mwaka 1937 serikali ya Stalin iliwahamisha kwa nguvu Wakorea waliokuwa wakiishi mashariki ya mbali ya Urusi, watu zaidi ya laki moja na nusu, ikawamwaga Kazakhstan na Uzbekistan. Wao wanajiita Koryo-saram, watu wa Koryo, na lugha yao ni koryo-mar. Ukimwita mtu wa namna hiyo hangugin, umempa pasipoti ya nchi ambayo babu yake hakuijua. Katika Kiswahili wote hawa ni Wakorea tu. Neno letu halibagui, na nadhani katika jambo hili ni bora libaki hivyo.

Mgeni angekuwapo angeongeza neno moja ambalo halikupata nafasi katika karatasi: urimal. Uri ni -etu, mal ni maneno, lugha. Wakorea husema nchi yetu, nyumba yetu, hata mama yetu, wakati msemaji ni mtoto wa pekee. Mwalimu mwenzangu alihofu kwamba sitaelewa. Nikamwambia kwamba hata mimi, nikiwa peke yangu safarini, nikiulizwa ninatoka wapi ninasema kwetu ni Same. Kwangu ni nyumba niliyoijenga, kwetu ni mahali nilipotoka. Aliandika hilo katika kitabu chake kidogo. Lakini urimal haiandikiki ukutani, maana msomaji atauliza, lugha yetu, ya nani?

Siku moja tulifika kwenye mstari ambao mimi ndiye niliyependa uwemo: lugha ya taifa. Kwao ni gugeo. Aliliandika, akaweka kalamu chini, akanieleza habari za mama yake, ambaye wakati huo alikuwa hai na amepita miaka themanini. Mama huyo alianza shule wakati wa Wajapani. Neno gugeo, kwa maandishi yale yale ya Kichina, lilikuwapo katika ratiba yake, ila lilimaanisha Kijapani. Kuanzia mwaka 1938 Kikorea kilisukumwa nje ya masomo ya lazima, kisha kikatoweka shuleni. Mwaka 1940 watu walitakiwa waandikishe majina ya ukoo ya Kijapani, na binti yule mdogo akajifunza kuitikia jina ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia. Mwaka 1945 Wajapani walipoondoka, ratiba ikaendelea kuwa na kipindi cha gugeo, maandishi yale yale, nafasi ile ile ubaoni, lakini sasa maana yake ilikuwa Kikorea. Alisema mama yake hakulizoea kamwe neno hilo. Lugha yake aliiita urimal mpaka mwisho.

Mimi nimelifundisha fungu la maneno lugha ya taifa kwa miongo mitatu na zaidi, kwa furaha, na bado ninaamini kwamba Kiswahili kimetuunganisha kuliko kitu kingine chochote tulichonacho. Lakini tangu jioni ile silitamki kwa wepesi ule wa zamani.

Alinisimulia pia habari ya kamusi, ambayo kila mwalimu wa lugha angepaswa kuijua. Chama cha lugha ya Kikorea kilikuwa kikikusanya maneno ya kamusi kubwa kwa miaka mingi. Mwaka 1942 Wajapani waliwakamata wanachama wake kwa kosa la kuchochea utaifa, na wawili kati yao walifia gerezani. Miswada ikachukuliwa kama ushahidi wa kesi. Mwezi wa Septemba mwaka 1945, vita vikiwa vimekwisha, miswada hiyo ilikutwa katika ghala la stesheni ya reli ya Seoul. Buku la kwanza la kamusi lilitoka mwaka 1947 na la mwisho, la sita, mwaka 1957. Nilimwuliza yalikuwa maneno gani. Akanijibu: ya kawaida tu, ya chakula, ya mvua, ya ukoo.

Nami nikamweleza ya kwangu. Katika shule moja ya bweni niliyosoma, ambayo sitaitaja, palikuwa na kibao kidogo chenye kamba. Aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivikwa shingoni, naye alikivua kwa kumpata mwingine mwenye kosa hilo. Jioni aliyelala nacho alichapwa. Tulijifunza kupeleleza marafiki zetu kabla ya kujifunza sarufi. Mgeni alisikiliza bila kushangaa.

Lugha ya nyumbani kwetu vitabuni inaitwa Kipare, nasi tunaitwa Wapare. Wenyewe hatukujiita hivyo. Sisi ni Vaasu, na lugha yetu ni Chasu. Mgeni akasema: basi ninyi pia mna jina la nje na jina la ndani. Nikasema ndiyo, na la nje ndilo lililo katika ramani. Akauliza kama wajukuu wangu wanasema Chasu. Wanaoishi Dar es Salaam hawasemi. Wanaelewa wakiitwa kula.

Mwezi wa Februari mwaka 2018, wakati wa michezo ya majira ya baridi huko Pyeongchang, Kusini na Kaskazini waliunda timu moja ya wanawake ya hoki ya barafuni. Redio ikaeleza kwamba ilibidi wachezaji waandikiwe orodha ya maneno ya mchezo, kwa kuwa wa Kusini walitumia maneno yaliyotoholewa kutoka Kiingereza na wa Kaskazini maneno ya kwao. Orodha kama yetu, nikamwambia. Akasema ya kwao ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilifasiri urimal kwenda urimal.

Karatasi ilipokaribia kwisha alitaka mstari mmoja wa ziada, wa Chasu, uandikwe kwa hangul. Herufi hizo mfalme Sejong alizikamilisha mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, zikiwa 28; leo zinatumika 24, na kila silabi hukusanywa katika kijumba chake. Cha, su: vijumba viwili, kazi ya sekunde tano. Kisha nikamwomba aandike Vaasu, na hapo kalamu ikasita. Kikorea hakina sauti ya v. Anayeitaka huandika b. Aliandika Ba-a-su, akalitazama, akalifuta. Akasema miongoni mwa herufi za zamani, walizofundishwa shuleni katika kipindi cha gugeo, palikuwa na moja ya midomo iliyogusana kwa wepesi: b yenye duara dogo chini yake. Iliachwa kutumika karne nyingi zilizopita. Akaichora polepole, akaongeza a, kisha a nyingine, kisha su. Mkuu wa shule alipokuja kuichukua karatasi aliihesabu hangul ya mstari ule wa mwisho dhidi ya orodha yake ya herufi 24, akatuuliza ile yenye duara inatoka wapi.