Mvua ya Kwanza na Ng'oma za Bujora

Anayesimama Buzuruga mwishoni mwa Oktoba hahitaji kalenda. Joto limelala juu ya mawe ya Mwanza tangu Agosti, vumbi la barabara ya Musoma limekwisha kubadilisha rangi ya kila ukuta, na jioni mawingu yanajikusanya upande wa ziwa kama watu wenye shauri lao. Mvua ya vuli ikishapiga mara mbili tatu, nyasi huchomoza katikati ya majabali ambapo mtu angeapa hakuna udongo, na mikrismasi ya mjini huanza kuwaka maua mekundu. Ulaya nao wana majira yao ya kuchipua, na ndipo wengi wao hufunga safari kwenda kwenye majumba ya kale ya mashambani, wakatembezwa bustanini huku wakielezwa ukoo uliojenga jumba ulitoka wapi na nani alimrithi nani. Sisi tuna mchipuo wetu, na makao ya kale tunayo: ukipanda daladala hapo Buzuruga kuelekea mashariki, ukapita Nyakato na Igoma, unashuka Kisesa, na juu kidogo tu ni Bujora, ambako ng'oma na viti vya watemi, watawala wa jadi wa Usukuma, vimehifadhiwa. Lakini msimu na makao hayo vimeachana. Wageni wanajaa Bujora mwezi Juni; mvua ya kwanza inapofika, habari za watemi zimenyamaza. Nadhani kuachana huko ndiyo badiliko kubwa kuliko yote yaliyoipata historia ya koo za watemi, kubwa kuliko hata kufutwa kwa utemi wenyewe.

Tuanze na makao. Neno ikulu, ambalo leo kila Mtanzania hulitumia kwa makao ya Rais, Kiswahili kimelipata huku kwetu, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, na kwao lilikuwa na maana ya kawaida kabisa: mji wa mtemi. Haukuwa jumba la mawe la kudumu karne tano. Ulikuwa boma la miti na nyumba za msonge, na mara nyingi mtemi mpya alijenga ikulu yake mahali pengine, ile ya zamani ikaachiwa makaburi na magugu. Kilichodumu hakikuwa ukuta bali vitu vinavyobebeka: ng'oma, kiti, mikuki, bangili za shaba. Hata waliomchagua mtemi na waliokuwa na uwezo wa kumwondoa waliitwa banang'oma, wana wa ng'oma. Kwa hiyo mtu akitafuta Usukuma jumba la kale lililorithiwa na vizazi, akiwa na picha ya yale majumba ya Ulaya kichwani, hataliona, na atahitimisha haraka kwamba hapa hapakuwa na historia ya ukoo. Atakuwa amekosea mahali pa kutazama. Urithi ulikuwa ndani ya ngozi ya ng'oma, na ndani ya vichwa vya wazee waliojua majina kwa mpangilio.

Majina hayo hayakutajwa kwa kujifurahisha. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi katika serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima juu ya ibada za mtemi wa Kisukuma, na kinachojitokeza humo ni kwamba kiini cha utemi kilikuwa kilimo na mvua. Mtemi ndiye aliyefungua msimu. Dawa za mbegu zilitoka kwake, matambiko kwenye makaburi ya waliomtangulia yalifanywa kwa niaba yake, na mpaka hayo yafanyike watu walisita kutia jembe ardhini. Masimulizi ya nyingi kati ya koo hizi yanasema mababu zao walikuja wageni kutoka magharibi ya ziwa. Ukerewe, ukoo wa Abasilanga ulijihesabia asili yake Ihangiro. Walipokewaje wakatawala wenyeji? Jibu linalorudi katika masimulizi ni mvua: walikuwa na ujuzi nayo. Basi kila mwaka, mawingu yalipoanza kukusanyika, dai hilo la ukoo lilipelekwa mbele ya hakimu asiyepokea hongo. Kutaja orodha ya mababu ilikuwa kusema: hawa walileta mvua, na mimi ni wao. Mvua ikigoma, mtemi aliulizwa. Ikigoma sana, aliondolewa. Historia ya familia ilikuwa ahadi yenye tarehe ya kulipwa, na tarehe yenyewe ilikuwa Novemba.

Ahadi hiyo ilianza kuhama mikono chini ya wakoloni, taratibu, hata waliokuwapo huenda hawakuona siku ilipohama. Wajerumani waliwaondoa watemi wasiowataka, na Waingereza, kwa sheria yao ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, waliwafanya watemi kuwa sehemu ya serikali, wenye mshahara, mahakama na makarani. Katika tawala nyingi za Usukuma mtemi alikuwa akipatikana upande wa kike, mwana wa binti wa ukoo wa kitemi, huku banang'oma wakiwa na nafasi ya kuchagua; wakati wa Waingereza urithi wa baba kwa mwana ukapata nguvu, kwa sababu ulisomeka vizuri zaidi kwenye jalada la ofisi. Tazama lililotokea. Orodha ile ile ya mababu iliyokuwa ikithibitishwa na mvua sasa ilithibitishwa na mkuu wa wilaya. Watemi wakapata nyumba za matofali. Bukindo kisiwani Ukerewe, makao ya mtawala yalikuwa jumba hasa, la mtindo wa kikoloni. Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza, na mwaka uliofuata watemi wa Usukuma wakaunda shirikisho lao lenye makao Malya. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa kilele cha utemi. Mimi naona hapo ndipo ikulu ilipoacha kutazama mawingu.

Ndiyo maana mwaka 1963, serikali ya Nyerere, yeye mwenyewe mwana wa mtemi Burito wa Wazanaki, ilipofuta mamlaka ya watemi, nchi haikutikisika kama wengi walivyohofia. Kilichofutwa kilikuwa cheo cha serikali. Oparesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ndiyo iliyogusa ardhi yenyewe, ilipowahamisha watu kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwaweka pamoja kando ya barabara. Mahame ya ikulu za kale na makaburi yake yakabaki nyuma, mbali na macho.

Hapo ndipo umuhimu wa Bujora unapoonekana. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyepewa na Wasukuma jina la Fumbuka, alianza kukusanya vitu vya kimila katika miaka ya 1950, utemi ukiwa bado hai, na kufikia mwaka 1968 makumbusho yalikuwa yamesimama. Jengo la watemi lilibuniwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ndani yake ng'oma za tawala mbalimbali, ambazo zamani zisingekaa chini ya paa moja bila mtemi mmoja kushindwa vita, zimekaa pamoja. Kanisa la jirani nalo ni la duara kama nyumba ya msonge. Na mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, mashindano ya ngoma ambapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi likijaribu kuuvuta umati wa mwenzake, kwa majembe ya ngoma ya bugobogobo, kwa nyoka, kwa kila mbinu inayojulikana na kadhaa zisizojulikana. Anayebaki na watu wengi ndiye mshindi. Bulabo kwa Kisukuma ni maua. Sikukuu ya maua, basi, inaangukia mwezi ambao mvua zimeshakatika na nyasi zinaanza kugeuka rangi ya simba.

Mtu anayejua Usukuma atanikatiza hapa, na ana haki. Juni si uzushi wa mapadri wala wa watalii. Mbina, msimu wa ngoma, tangu zamani ulikuja baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa na mikono ikiwa haina kazi. Nani angecheza siku nzima Novemba, na jembe linamsubiri? Nakubali yote hayo. Lakini mbina ilikuwa ya vyama vya ngoma na manju wao, na ushindani wake ulikuwa wa Gika na Gumha, waganga wawili ambao masimulizi yanawataja kuwa chanzo cha pande hizo mbili. Haukuwa wakati wa ukoo wa mtemi kutetea haki yake. Kilichotokea Bujora ni kwamba mambo mawili yaliyokuwa na misimu miwili yamewekwa katika mmoja, na mgeni anayeingia jengo la watemi kati ya ngoma moja na nyingine anasikia habari za watawala zikiwa na sauti ya sherehe. Baada ya mavuno kila mtemi ni mwema. Mtemi hupimwa kabla ya mavuno, tumbo likiwa na wasiwasi na mbegu ya mwisho ikiwa mkononi: uile au uizike?

Wapo pia wanaosema Bujora yenyewe haistahili uzito huu, kwa kuwa ni mkusanyiko wa mgeni, vitu vilivyotolewa mahali pake vikawekwa pasipo pake. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ng'oma zingekuwa na mahali pamoja pa kudumu. Nimekwisha kueleza kwamba ziliumbwa zihame. Na kwa vitu vya ukoo ambavyo ukoo wenyewe ulikuwa ukipoteza sababu ya kuvitunza, chaguo halikuwa kati ya Bujora na ikulu. Lilikuwa kati ya Bujora na mchwa. Kinachonisumbua kuhusu makumbusho si nani aliyekusanya, ila ni kwamba kitu kikishatundikwa ukutani hakiulizwi tena swali. Ng'ambo ya maji, mtu mmoja alilijua hilo mapema. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alikuwa mjukuu wa Machunda, mtawala wa kisiwa hicho. Alikuwa na kila sababu ya kuandika juu ya ikulu na watu wake. Badala yake alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kitabu kirefu juu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wa kawaida wanaotafuta mtoto, wanaolima, wanaopika pombe, wanaojua wakati gani wa kufanya nini. Kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Mjukuu wa mtawala aliona kwamba habari za nyumba yao zingeeleweka tu zikiwa ndani ya mwaka wa mkulima. Sijui ushahidi mzuri kuliko huo.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa. Kwa nini tuhangaike na historia ya koo zilizotawala? Wazee wengi wa Kanda ya Ziwa hawakuwakumbuka watemi kwa mvua bali kwa amri: punguza ng'ombe, lima matuta, lipa kodi. Mageuzi ya miaka ya 1950 huku yaliletwa na wakulima wa pamba waliojiunga katika ushirika chini ya Paul Bomani, na ghasia za Geita mwaka 1958 ziliwahusu watemi walioonekana kusimama upande wa serikali. Ni kweli tupu, na ndiyo inayonifanya nishikilie hoja yangu badala ya kuiacha. Mtemi wa kabla ya mshahara aliweza kuondolewa na banang'oma msimu ukimshinda. Mtemi wa mshahara hakuweza, kwa hiyo watu walipomchoka hawakuwa na njia ila mikutano, ushirika na ghasia. Historia inayosimuliwa Juni inatuonyesha viti na mikuki, na kuficha jambo la maana kuliko yote, kwamba kiti hicho kilikuwa na masharti. Anayetaka kuusema utemi kwa ubaya atapata hoja nyingi zaidi akiusimulia katika majira ya mvua kuliko akiukwepa.

Sihitaji kuamini kwamba mzee mwenye dawa huita mawingu kutoka ziwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kila mwaka, na haina kiti cha enzi. Suala ni kujua mtawala aliahidi nini, kwa nani, na nani aliruhusiwa kumuuliza.

Kwa hiyo ningependa jengo la watemi Bujora lipate siku yake ya pili katika mwaka, mvua za kwanza zinapoanza, bila ngoma za mashindano na bila jukwaa. Majina ya kila ukoo yasomwe kwa mpangilio, na kando ya kila jina yasemwe yote: aliingiaje, alitambika wapi, na kama aliondolewa, aliondolewa mwaka gani wa njaa na kwa uamuzi wa nani. Wazee wanaojua hayo bado wapo, ingawa si wengi. Mahudhurio yatakuwa machache kuliko Juni, maana wengi watakuwa shambani, na atakayetoka mjini atachafua viatu kati ya Kisesa na mlimani. Mwavuli, nauli ya daladala kutoka Buzuruga, na asubuhi moja ya Novemba kabla jua halijawa kali. Mahindi ya watu wa Kisesa yatakuwa yameota vidole viwili juu ya ardhi.