Mwaka Ruaha Mkuu Ulipokatika

Vijana wa Iringa siku hizi huambiwa kwamba Mto Ruaha Mkuu hukauka kiangazi, nao hulipokea jambo hilo kama desturi ya mto. Si desturi yake. Nilifanya kazi Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tangu miaka ya 1980, na wazee niliowakuta huko hawakuwahi kuuona mto umekatika. Nayasema niliyoyashuhudia kabla sisi tulioyaona hatujaisha.

Oktoba ndiyo ilikuwa kipimo cha mto. Nyasi zimeungua, mibuyu imebaki matawi matupu, makorongo yote ni mchanga, lakini Ruaha wenyewe unapita, mwembamba na safi, katikati ya mawe. Kandokando palikuwa na matete mabichi na mikindu, mikuyu imezaa, mikwaju imetanda kivuli. Ile migunga mikubwa ya mtoni, ambayo hupukutisha majani masika na kuyavaa kiangazi, ilikuwa imesheheni maganda ya rangi ya chungwa. Tembo waliisukuma kwa vichwa, wakaokota yaliyoanguka, kisha wakashuka kunywa. Kuro, swala na tandala walikuja kwa zamu, midiria ikajitupa majini, na alfajiri tuliwaona fisi maji wakitafuta kaa kwenye mawe. Wote hao waliishi kwa mto huo mpaka mvua za Desemba.

Uhai wa mto ulitoka juu, Mbeya. Maji hushuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na mingineyo, yakaenea tambarare ya Usangu na kutulia katika kinamasi cha Ihefu. Kinamasi hicho hutoa maji kwa mlango mmoja, kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yakiupita mwamba, mto unaingia hifadhini. Yakishuka chini yake, mto unakatika, hata kama kinamasi bado kina maji. Ihefu ilijaa masika na kutoa kidogo kidogo kiangazi, kama mama anayepima unga wa ghalani hadi mavuno.

Mwishoni mwa 1993 maji hayakuupita mwamba. Mto ukawa madimbwi yaliyotengana. Viboko walibanana humo, migongo imepasuka kwa jua, wakajeruhiana kwa kugombea nafasi. Samaki walielea matumbo juu. Kambale walijichimbia matopeni, na korongo wakawafuata huko huko. Maji yaliyosalia yaligeuka kijani kwa kinyesi. Tembo walichimba mchanga kwa miguu na mikonga mpaka maji yakachuruzika, na walipoondoka nyani na swala wakanywa kwenye mashimo hayo. Fisi maji walitoweka sehemu ile.

Mwanzoni wengi tulisema ni mvua. Mvua zilirudi, lakini mto ukaendelea kukatika kiangazi baada ya kiangazi. Kilimo cha mpunga kilikuwa kimepanuka sana Usangu, na mifereji iliendelea kuchukua maji hata baada ya mavuno, wakati mto ulipokuwa mdogo kuliko wakati wowote. Mifugo nayo ilikuwa imeongezeka kinamasini. Simlaumu mkulima anayelisha taifa; mpunga wa Mbarali ni riziki ya maelfu. Lakini maji yanayomwagika kwenye shamba lililokwisha kuvunwa hayamlishi mtu.

Machi 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza jijini London kwamba mto utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Wafugaji waliondolewa Usangu kuanzia 2006, na 2008 Ihefu ikaingizwa hifadhini. Mwaka 2010 ulipita, na mto bado hukatika.

Maji haya hayaishii kwa tembo. Huenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, yakaungana na Rufiji hadi Bwawa la Julius Nyerere, kwa hiyo anayewasha taa Dar es Salaam ana deni Usangu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imekwisha kupanga: kwanza maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu, pili maji ya kuulinda mto na viumbe vyake, ndipo matumizi mengine yafuate. Viongozi wa Mbeya na Iringa, na ninyi wenye mifereji: mavuno yakiisha, fungeni malango, mto upite.