Klak-klak

Wasee, wiki jana nilinunua bunduki. Tulieni, ni ya Red Dead Redemption 2, kwa pleistesheni ya jamaa hapa Kangemi. Ile ya kuwinda: unashusha chuma kilicho chini ya kifyatulio, unakirudisha, klak-klak, risasi nyingine imeingia. Niliijaribu kwa kulungu. Akaanguka. Tamu sana!

Nikaanza kutafuta stori yake nifanye video. Kumbe mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu urais wa Marekani, alikuja huku na ya aina hiyo, Winchester ya 1895. Aliipenda hasa kwa simba. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwenye safari yao ya Afrika.

Mmoja wa wenyeji wake alikuwa McMillan. Maktaba yenye jina lake bado iko tao, Banda Street, na simba wawili wa mawe mlangoni. Miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia.

Nilipopita kati ya hao simba nilimkumbuka babu. Alisema wazee wake walitega swara wakala, hadi sheria ya mkoloni ikawageuza wezi. Mzungu mwenye leseni, mwindaji. Mzee mwenye mtego, jangili. Na nyama ni ile ile.

Kenya ilipiga uwindaji marufuku 1977, na mimi nakubali kabisa. Lakini ukisikia jangili, usimwone babu yangu peke yake. Sikiza pia klak-klak.