Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Tulivyomtafutia Mamkubwa Nyumba ya Wazee



Kuna mambo ambayo sisi Waswahili wa Uingereza huyazungumza kwa sauti ndogo tu, jikoni wakati wa harusi au ndani ya gari tukitoka mazikoni. Moja katika hayo ni nyumba za wazee. Ikisikika kuwa fulani kampeleka mama yake huko, mazungumzo husimama, mmoja huguna, mwengine husema "Mungu atunusuru." Kwetu Unguja likitajwa jambo hili akili hukimbilia Sebleni na Welezo, ambako Serikali huwatunza wazee wasiokuwa na jamaa wa kuwatazama. Kwa hiyo anayempeleka mzee wake huhesabiwa kuwa ameitangazia dunia kwamba mzee huyo hana watu.

Sisi tumempeleka Mamkubwa wetu, na watu anao. Sikushika kalamu ili nibishane na wanaosema ni aibu. Nataka kueleza tulivyozikagua nyumba zenyewe, kwa sababu naona familia zetu nyingi humaliza nguvu zote katika swali la tumpeleke au tusimpeleke, halafu ikifika siku ya kuchagua ni wapi, huchukua chumba cha kwanza wanachoonyeshwa.

Mamkubwa ni dada wa mama yangu, mzaliwa wa Wete, na ndiye aliyenilea. Ana maradhi ya kusahau, yaani demenshia. Kwa miaka minne alikaa kwa binti yake mkubwa hapa mashariki ya London. Wasioyajua maradhi haya hudhani ni kusahau majina tu. La, usiku hugeuka mchana. Saa nane za usiku alikuwa akishika kitasa cha mlango wa mbele, kanga begani, akisema gari la Wete litamwacha. Jua likianza kuchwa alikuwa akiingiwa na wasiwasi na kulia, "Nataka kwenda zangu nyumbani," na waliozoea kuwatunza wagonjwa wa namna hii wanaijua sana hali hiyo ya jioni. Kiingereza alichojifunza ukubwani kiliondoka kwanza, kikabaki Kiswahili cha utotoni. Alipoanguka ngazini mara ya pili, na ikawa kumwinua kunataka watu wawili, binti yake naye mgongo umekwisha, ikawa hapana tena la kusubiri.

Nianze na karatasi, maana ndizo zinazowatisha watu. Kwa mujibu wa sheria ya huduma ya 2014 hapa England, mtu yeyote anayeonekana kuhitaji msaada ana haki ya kufanyiwa tathmini na halmashauri ya mtaa, ile tunayoiita kaunsili, hata akiwa na fedha zake. Na yule anayemtunza nyumbani naye ana haki ya tathmini yake. Mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Aliye chini ya hapo husaidiwa, na akiba iliyo chini ya pauni 14,250 haiguswi katika hesabu, ingawa pensheni yake huchangia. Kama mzee ana nyumba yake, nayo anaishi humo mume au mke wake, au jamaa aliyetimiza miaka 60, nyumba hiyo haihesabiwi. Scotland na Wales wana viwango vyao. Na kama halmashauri ndiyo inayolipa, ni lazima ikuonyeshe angalau nafasi moja inayomfaa mgonjwa bila ya familia kuongeza hata senti. Nyongeza ni pale mnapotaka ya ghali zaidi kwa hiari yenu. Msikubali kuambiwa vyengine.

Jambo jengine la karatasi halingoji: hati ya kumteua mtu wa kuamua kwa niaba ya mzee. Ziko mbili, moja ya mali na moja ya afya na matunzo, na mzee lazima azitie saini akili yake ingali inaelewa. Ikishapita hapo, njia iliyobaki ni ya mahakama, nayo ni ndefu na ya gharama. Mamkubwa alitia saini zake mapema, na hilo lilituondolea mzigo mkubwa.

Sasa nyumba zenyewe. Kila nyumba ya wazee England hukaguliwa na tume iitwayo CQC, nayo hutoa daraja nne: Bora Kabisa, Nzuri, Inahitaji Kurekebishwa na Haifai. Daraja hiyo kwa sheria hubandikwa pahala pa kuonekana, na ripoti iko kwenye intaneti bure. Isomeni ripoti yote, msiishie kwenye daraja. Kwanza tazameni tarehe, kwa kuwa ukaguzi unaweza kuwa wa miaka kadhaa nyuma. Kisha ulizeni kama meneja aliyekuwepo siku ile bado yupo. Nyumba hufuata tabia ya meneja wake kama vile chungu kinavyofuata mpishi.

Tulizikagua nyumba tano. Kila moja tulikwenda mara mbili, mara ya kwanza kwa miadi na mara ya pili bila ya miadi, baina ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, wakati ule mgumu wa wagonjwa wa kusahau na wakati ambao meneja kesha kwenda kwao. Asubuhi kila nyumba ni safi na kila mtu anacheka. Jioni ndiyo utaona kama mfanyakazi anayesema na mzee anachutama hata macho yakutane, au anapiga kelele akiwa mlangoni. Utaona kama gilasi ya maji iko karibu na mkono au ng'ambo ya chumba. Utaihesabu kengele inalia muda gani kabla ya mtu kuitikia. Utaona kama wazee wamepangwa ukutani mbele ya televisheni asiyeitazama mtu. Harufu nayo inasema, lakini msiogope harufu ya ajali ya dakika ile. Iogopeni iliyokwisha kuingia ndani ya zulia.

Tuliuliza pia usiku wanabaki wafanyakazi wangapi, na wangapi kati yao ni wa kukodiwa kwa zamu moja. Tuliuliza kuhusu mlango wenye namba ya siri. Kumfungia mtu mzima ndani, hata kwa usalama wake, kunahitaji kibali maalumu, na utaratibu huo upo tangu 2009. Familia inaweza kuwa mwakilishi wake na kukipinga kibali mahakamani. Tuliuliza tena wagonjwa wangapi wanapewa dawa za kuwatuliza. Swali hili si la uchokozi. Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliipa serikali ripoti iliyokadiria kwamba wagonjwa wa kusahau wapatao 180,000 nchini walikuwa wakipewa dawa za aina hiyo kwa mwaka, na kwamba dawa hizo zilisababisha vifo vya ziada vipatavyo 1,800. Tangu hapo madaktari wamezipunguza, lakini mzazi wako ni mmoja, na wewe unaulizia yeye.

Baada ya hayo ndipo tukafika kwenye mambo yetu, ambayo mkaguzi haandiki sana. Je, chooni kuna nafasi ya kuweka kopo la maji? Je, anayemkosha ni mwanamke, na usiku pia? Nyama ya halali inanunuliwa wapi, na inapikwa katika sufuria gani? Je, wataelewa kwamba ajuza anayesimama mbele ya ukuta akinong'ona anasali, hata kama kesha sali mara tatu adhuhuri ile ile? Ramadhani akikataa maji mchana, nani atampigia simu binti yake? Meneja mmoja alijibu kila swali kwa "hakuna tatizo". Mwengine alitoa daftari akaandika, akauliza kopo lenyewe lina ukubwa gani. Huyu wa pili alituvutia zaidi.

Na lugha. Wiki mbili kabla ya hapo Mamkubwa alikuwa amelazwa hospitali, na muuguzi mmoja, mtu mwema kabisa, alitwambia kwa huruma kwamba bibi yetu kila akilishwa huulizia basi. Alidhani anataka usafiri wa kurudi nyumbani. Mamkubwa alikuwa akisema "basi", yaani ameshiba, na kijiko kilikuwa kikiendelea kuja. Alipousukuma mkono, kwenye faili ikaandikwa kuwa ana ukali wakati wa chakula. Hebu fikirini njia hiyo inaelekea wapi: neno halikueleweka, mkono ukasukuma, ikaandikwa ukali, na baada ya ukali huja dawa ya kutuliza. Kwa hiyo tulitengeneza karatasi ya maneno ishirini kwa herufi kubwa: basi, maji, inauma, baridi, na "nataka kujisaidia", maana mwanamke wa makamo yake hatasema choo mbele ya watu. Kila nyumba tuliyoikagua tuliipa karatasi hiyo tukatazama inapokelewa vipi.

Mwisho zilibaki nyumba mbili. Ya kwanza iko pwani ya Essex, daraja ya Bora Kabisa, bustani inateremka mpaka baharini, kila chumba na choo chake. Ya pili ina daraja ya Nzuri, zulia limechoka, lifti ni moja, bustani ni kama sebule. Lakini iko dakika kumi na mbili kwa basi, hili la magurudumu, kutoka kwa binti yake, na iko njiani kwa kila anayekwenda sokoni.

Hapo familia ikagawanyika. Mtoto wake wa kiume alisema, "Mama yangu hawekwi pahala pa hivi hivi," na alikuwa tayari kulipa nyongeza kila mwezi. Namheshimu kwa hilo. Alisema kwa uchungu, naye si mtu wa maneno mengi. Dada yake alinyamaza, maana ametunza miaka minne na hakutaka aonekane anachagua urahisi wake. Upande wa pwani kulikuwa pia na mfanyakazi Mkenya, aliyemwamkia Mamkubwa "Shikamoo mama", na uso wa Mamkubwa ukafunguka. Lakini wafanyakazi wa kazi hii huhama, na tangu Julai 2025 serikali imeifunga njia ya kuajiri wapya wa kazi za matunzo kutoka nje. Nyumba haichaguliwi kwa ajili ya mtu mmoja ambaye mwakani huenda hayupo.

Nilichukua karatasi nikachora mistari. Juu niliandika siku saba za wiki, pembeni nikaandika majina ya nyumba mbili, nikawaomba wote waliokuwepo sebuleni waandike majina yao pale ambapo kweli, si kwa hamu, wangeweza kwenda. Upande wa pwani ulijaa Jumamosi na Jumapili, na Jumapili ilikuwa na alama ya kuuliza. Upande wa karibu ulijaa siku sita. Jirani mmoja wa Mombasa, ambaye si damu yetu, aliandika Jumatatu na Alkhamisi, akasema yeye hupita pale akimpeleka mjukuu shule. Ndugu yetu aliitazama karatasi ile muda mrefu, kisha akasema, "Basi, karibu." Nyongeza aliyokuwa alipe akaigeuza nauli yake ya kuja kutoka Bristol kila mwezi.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na haikuchukua muda tukaona maana yake. Wiki ya tano yule jirani alikwenda Alkhamisi yake akakuta kwenye kitabu cha siku imeandikwa kwamba Mamkubwa amekataa chakula tangu Jumanne usiku. Hakusoma zaidi, alimtazama mdomo. Meno ya bandia hayamo. Yalikutikana chumba cha tatu, ndani ya gilasi ya bibi mwengine. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Wafanyakazi walikuwa wachache na zamu zilikuwa zimebadilika. Meneja aliomba radhi, na kuanzia siku ile meno ya kila mzee yana alama ya jina. Jioni hiyo Mamkubwa alikula samaki wake mpaka akasema basi, na safari hii walimwelewa, maana karatasi imebandikwa juu ya kitanda. Ingekuwa pwani, tungelijua hilo Jumamosi.

Kwa hiyo anayeniuliza siku hizi nyumba nzuri ni ipi, humjibu kwa swali: nani ataingia humo Jumanne? Daraja ya mkaguzi inakuambia nyumba ilikuwaje siku aliyokwenda. Siku zilizobaki mkaguzi ni wewe, na nyumba ambayo watu wetu wanaingia na kutoka ovyo ovyo, leo huyu, kesho yule, hutunza vizuri zaidi, kwa sababu inajua kuna macho.

Lakini si kila familia ina majina ya kujaza siku sita. Wapo wazee wetu katika nyumba hizi ambao mtoto wao ni mmoja na anafanya kazi za usiku. Vyama vyetu karibu vyote vina mfuko wa mazishi, na mtu akifariki basi hujaza ukumbi ndani ya saa chache. Sijaona chenye orodha ya kuwatembelea walio hai. Napendekeza tuanze na karatasi kama ile yetu, siku saba na majina. Katika karatasi ya Mamkubwa siku iliyobaki tupu ni Jumatano, na kwa sasa naijaza mimi nikitoka kazini.