Barua kutoka Birmingham: Ekseli iliyolika, ikarabatiwe au ibadilishwe?

Ekseli hubeba uzito wa gari, na pale inapopokea nguvu ya injini huzungusha magurudumu pia. Sehemu zinazobeba na zinazozungusha hazichakai kwa namna moja, kwa hiyo swali la kukarabati au kubadilisha hujibiwa kipande kwa kipande. Mkenya aliyeko Birmingham hukutana na swali hilo mara mbili: kwa gari analoendea kazini, na kwa Hiace au Vitz iliyobaki Landless, mtaa wa Thika ulio upande wa barabara ya Garissa, ambayo picha ya ekseli yake hutumwa kwa simu jioni pamoja na bei ya fundi.

Picha haitoshi. Ubovu wa ekseli husikika na kushikwa kabla ya kuonekana. Sivi joint iliyolika hugonga ka-ka-ka usukani ukikatwa hadi mwisho gari likiondoka. Beringi ya gurudumu hunguruma, na mngurumo huo hupanda kadiri mwendo unavyopanda, kisha hubadilika gari likipinda na uzito kuhamia upande mmoja. Mlio mmoja mzito wakati wa kuondoka au kubadilisha gia huelekeza kwenye joint za propela, meno ya shafti au difu. Baada ya sikio huja mkono: gari hupigwa jeki na kuwekwa kwenye stendi, gurudumu likashikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, mtu wa pili hukanyaga breki. Mchezo ukiisha breki ikikanyagwa, beringi ndiyo inayoshukiwa, na ukibaki, lawama huhamia kwenye bol joint au kingi pini. Fundi anayetaja bei kabla ya kutikisa gurudumu anakisia, na makisio hayo hulipiwa na mwenye gari.

Kipande kinachostahili kuangaliwa mapema kuliko vyote ni kile cha bei ndogo: mfuko wa mpira unaofunika sivi joint. Ukipasuka, grisi hurushwa nje na vumbi huingia. Kwenye njia za vumbi za mitaani, mchanga ulioingia husaga chuma kila gurudumu linapozunguka, na ka-ka-ka ikishaanza, mfuko mpya hauokoi kitu. Uingereza imeliweka jambo hili kwenye sheria. Gari likifikisha miaka mitatu huanza kupelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi wa MOT, ulioanzishwa 1960, ambao ada yake kwa gari dogo haizidi pauni 54.85. Mfuko uliochanika kiasi cha kupitisha uchafu ni kosa kubwa, na gari hufeli hata kama joint yenyewe bado nzima. Mgeni aliyetoka mahali ambapo gari hutengenezwa likishasimama huona huo ni ukali, mpaka alinganishe bei ya mpira na bei ya shafti.

Beringi haikarabatiwi. Duara zake na vyuma vinavyobingirika husagika pamoja, na kuziosha na kuzipaka grisi mpya hunyamazisha mlio kwa siku chache tu. Hubadilishwa pamoja na oili sili yake, kwa sababu sili iliyochoka kwenye ekseli ya nyuma humwaga oili ya difu ndani ya breki. Beringi mpya husukumwa mahali pake kwa presi. Ikipigwa nyundo, kila pigo huacha kishimo kidogo kwenye njia ya vyuma, na mngurumo hurudi baada ya miezi michache. Wengi hulaumu spea feki wakati kosa lilikuwa nyundo.

Hafushafti, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka difu hadi gurudumu, ndiyo mahali pa kusimama imara. Chuma chake kimetiwa ugumu kwa moto wa kiwandani, na kuchomelea huufuta ugumu huo pembeni mwa kiungo huku kukiacha sehemu inayovunjika kirahisi. Madhara hutegemea muundo wa ekseli. Kwenye Land Rover za zamani, zikiwamo zilizounganishwa Thika kwenye kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa 1974 na kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers tangu 1989, gurudumu la nyuma hukaa kwenye habu yenye beringi zake; shafti ikikatika, gari hukosa nguvu lakini gurudumu hubaki. Kwenye pikapu nyingi ndogo na matatu za aina ya Hiace, shafti yenyewe ndiyo inayobeba gurudumu. Ikikatikia nje ya beringi, gurudumu huondoka na dramu ya breki gari likiwa barabarani. Shafti ya namna hiyo iliyopasuka, kupinda au kulika pale beringi inapokaa haifai kuchomelewa kwa bei yoyote ile.

Vipo vinavyokubali mkono wa fundi. Joint ya propela hubadilishwa kiini chake peke yake. Nyumba ya ekseli iliyopinda kidogo hunyooshwa na kupimwa upya, na bushi za springi hukerezwa na mafundi wa jua kali zikakaa miaka. Difu hudai nidhamu zaidi: kraunwili na pinion vilisagwa pamoja kama jozi, hivyo havibadilishwi kimoja kimoja, na nafasi kati ya meno yake lazima ipimwe kwa kifaa. Pasipo kifaa hicho, difu nzima ya mtumba iliyokaguliwa ni salama kuliko difu mbovu iliyofunguliwa.

Hesabu ya pesa hugeuka kufuatana na mahali. Uingereza saa ya fundi ndiyo ghali, kwa hiyo gereji huweka shafti nzima, mara nyingi iliyorudishwa upya kiwandani, na mteja hutozwa amana anayorudishiwa akileta ile kuukuu. Thika kazi ya mkono ni nafuu na spea ndiyo inayouma, hivyo kufungua, kuosha na kubadilisha kiini peke yake kuna maana ambayo Birmingham haina. Ushauri unaotoka ughaibuni wa kununua kila kitu kipya mara nyingi husahau tofauti hiyo.

Chumvi nayo ina sehemu yake. Majira ya baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ya mawe kuyeyusha barafu, na chuma cha chini ya gari huoza. Gari linaloletwa Kenya kutoka Uingereza, hata likiwa ndani ya kikomo cha miaka minane ya uagizaji, huweza kung'aa juu huku bolti za ekseli zimeshikana kwa kutu. Vivyo hivyo kwa ekseli ya mtumba inayopakiwa kwenye kontena: hugongwagongwa kwa nyundo ndogo kwanza, maana rangi nyeusi mpya huficha mashimo.

Anayetumiwa spea kutoka ng'ambo hupeleka namba ya chesisi, na jina la gari pekee halitoshi. Shafti mbili za modeli moja huweza kutofautiana urefu, idadi ya meno, au pete ya ABS, na ya kushoto huenda isiingie kulia.

Kazi ikishafungwa, nati ya habu huwekwa mpya na kukazwa kwa spana ya kupima nguvu kwa kipimo cha mtengenezaji. Oili ya difu hujazwa hadi kwenye tundu lake, na kipumulio juu ya ekseli huzibuliwa, kwani kikiziba, joto husukuma oili nje kupitia sili mpya. Baada ya safari ya kwanza habu zote mbili hupimwa joto kwa mgongo wa kiganja bila kuzigusa. Iliyo moto kuliko mwenzake hufunguliwa tena siku hiyo hiyo.