Nyansiongo: Msitu Ulio Mikononi mwa Wenye Mashamba

Ukiabiri matatu kutoka mjini Kisii, ukapita Keroka na kushika barabara ya Sotik, utafika Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira. Kijani kitakulaki kila upande: majani chai yaliyotandazwa kama zulia, na nyuma yake safu za miti mirefu iliyonyooka. Usidanganyike, ndugu msomaji. Huo si msitu. Ni mikaratusi.

Zamani za ukoloni sehemu hizi zilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960 yaligawanywa, na Abagusii wakapata makao. Basi miti mingi unayoiona hapa imo katika shamba la mtu, wala hailindwi na askari wa msitu. Mwenye shamba ndiye mwenye shoka.

Mkaratusi una faida zake. Hukua upesi, hutoa nguzo na mbao, na kuni zake hukausha chai viwandani. Karo za watoto hutoka humo. Lakini mti huo hunywa maji mno. Ukipandwa kando ya chemchemi, akina mama na watoto ndio watakaotembea mbali na mitungi. Ndiyo sababu mwaka wa 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, hayati John Michuki, aliamuru ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi.

Hata hivyo, amri ya Nairobi haifiki katika kila bonde. Wazee walikuwa na njia yao. Uliza habari za omotembe, mti wenye miiba na maua mekundu kama moto. Waliogombana waliapa kwa mti huo, na mwenye kuapa uongo aliogopa kufikwa na maafa. Heshima ilikuwa mlinzi asiyelipwa mshahara.

Pwani nako, Wamijikenda walihifadhi misitu ya kaya kwa miiko ya wazee, hata mwaka wa 2008 UNESCO ikaitambua kuwa urithi wa dunia.

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Mikaratusi na ipandwe mlimani, chemchemi ziachiwe miti ya asili, na jirani amkanye jirani. Nawe uliye mjini, ukienda nyumbani Desemba, muulize babu ni mti upi uliokuwa mwiko kuukata, na kwa nini. Kisha tafuta mche wake, uupande.